Nambari ya Mwanachama
Mhadhara kwa wanaushirika wa Pioneer, Eldoret

 

Mada niliyopewa ni usawa wa kijinsia na kuzuia dhuluma za kijinsia katika vyama vya ushirika. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Julai, tunapoadhimisha Siku ya Ushirika, mada hii hupewa hotuba. Akina mama husifiwa kwa bidii yao na wanaume wanaopiga wake zao hukemewa. Sipingi hotuba hizo. Ila leo nataka tuangalie jambo moja ambalo limekaa mbele ya macho yetu miaka mingi. Sehemu kubwa ya dhuluma katika nyumba za wanaushirika hupitia kwenye karatasi zetu wenyewe: nambari ya mwanachama, akaunti ya malipo, fomu ya wadhamini, fomu ya mrithi. Karatasi hizo tulizitunga sisi, tukazipitisha kwenye mkutano mkuu kwa kuinua mikono, na kwa mikono hiyo hiyo tunaweza kuzibadilisha.

Nianze na maziwa. Hapa Pioneer wengi wenu ni wapangaji: walimu, wauguzi, wenye maduka, watu wa matatu na bodaboda. Lakini wengi pia mna ng'ombe nyumbani, Kesses, Moiben, Turbo, au ng'ambo huko Nandi na Elgeyo Marakwet, na mnajua siku ya mfugaji huanza vipi. Saa kumi na moja alfajiri mama yuko kwenye boma. Maji ya kuosha kiwele ameyachemsha, nyasi alizikata jana jioni. Anakamua, anachuja, anafunga mkebe, na pikipiki ya mchukuzi inafika kabla umande haujakauka. Kituoni karani anatumbukiza laktomita kuona kama maziwa yametiwa maji, anachanganya kidogo na alkoholi kuona kama yataganda, kisha anayaweka kwenye mizani na kuandika kilo. Anaziandika chini ya nambari.

Nambari hiyo, katika nyumba nyingi, ni ya baba. Huenda baba huyo anafanya kazi Nakuru na hajakamua ng'ombe mwaka mzima; haidhuru. Alijiandikisha yeye kwa sababu shamba liko kwa jina lake, au la babake. Malipo ya mwezi huingia kwenye akaunti ya mwenye nambari. Chakula cha ng'ombe cha mkopo hutolewa dukani kwa nambari. Daktari wa mifugo, mafunzo, gawio la mwisho wa mwaka, vyote hufuata nambari. Katika mkutano mkuu, mwenye nambari ndiye mwenye kura. Mama aliyekamua anabaki mgeni katika chama kinachoishi kwa mikono yake.

Kuna watakaosema ndiyo desturi yetu, mali ni ya mwanamume. Wazee wenyewe wanajua kwamba desturi haikuwa hivyo. Katika jamii za Wakalenjin kulikuwa na maziwa ya asubuhi na maziwa ya jioni. Ya jioni yalikuwa ya mama: ya watoto, ya chai, ya kumpa jirani, ya kutia kwenye kibuyu yawe mursik, na yakibaki, ya kuuza apate pesa ya chumvi na sabuni. Baba hakuulizia hesabu yake. Hata ng'ombe walikuwa na mgao wao. Mtafiti Mmarekani Regina Smith Oboler, aliyefanya utafiti Nandi katika miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1985, alieleza kwamba ng'ombe waliotengewa nyumba ya mke fulani walikuwa wa nyumba hiyo na wa watoto wake. Mume hakuwa na ruhusa ya kuwachukua hivi hivi na kuwahamishia nyumba nyingine. Mamlaka ya mume yalikuwa makubwa, sikatai, lakini yalikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilikuwa na watu wa kuilinda.

Kilichovunja mipaka ni karatasi. Kwanza ilikuja hatimiliki yenye jina moja. Shirika la Kenya Land Alliance lilichunguza hatimiliki zilizotolewa nchini kati ya 2013 na 2017, likakuta asilimia 10.3 tu ndizo zilizotolewa kwa wanawake, na ukubwa wa ardhi hiyo haukufika asilimia 2 ya ardhi yote iliyoandikishwa. Sasa fikirini: chama cha ushirika kinachotaka hatimiliki ili kumsajili mfugaji kimeshafunga mlango kabla hakijaandika neno lolote kuhusu wanawake katika sheria zake ndogo. Hakuna aliyekusudia kubagua, na bado ubaguzi umekamilika.

Baadaye ikaja mitambo ya kupoza maziwa. Kuanzia 2008, mradi mkubwa wa maziwa wa Afrika Mashariki ulioongozwa na Heifer International ulisaidia wafugaji wa eneo hili kujenga vituo vyao. Majina kama Kabiyet, Tanykina na Metkei mnayafahamu. Vituo hivyo viliinua bei na kumpunguzia mkulima hasara ya maziwa kuharibika, na anayevibeza hajui tulikotoka. Lakini mtambo wa kupoza una uwezo wa kupokea maziwa ya jioni vilevile. Pale yalipoanza kupokelewa, yale maziwa ya mama yalipanda pikipiki, yakaandikwa chini ya nambari ya baba, na pesa ya sabuni ikawa pesa ya kuombwa. Mama aliyekuwa hasemi na mtu juu ya kikombe cha maziwa sasa anaomba shilingi mia na kuulizwa ya nini. Hapo ndipo maneno huanza, na baada ya maneno, mkono.

Hili lina jina katika sheria za Kenya. Sheria ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inataja dhuluma ya kiuchumi miongoni mwa dhuluma za nyumbani: kumnyima mtu bila sababu ya haki fedha au mali anazostahili, au kumzuia kutafuta kazi na riziki. Imewekwa kwenye orodha moja na kipigo, vitisho na unyanyasaji wa kingono, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda anayedhulumiwa. Watu wengi wanaijua sheria hiyo kwa kipigo tu. Ningependa kila ofisi ya chama cha maziwa iwe na nakala yake, kwa sababu chama kinaweza kuwa chombo cha dhuluma hiyo bila kujua.

Nitaje takwimu mbili za ukatili huo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Ukiwa na wanachama wa kike mia tatu, hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Na sisi wa upande huu hatuhitaji takwimu kushtuka. Mwanariadha Agnes Tirop alikimbia katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akamaliza wa nne katika mita 5,000, akavunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee Septemba ya mwaka huo, na tarehe 13 Oktoba akakutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Mumewe alishtakiwa, akakana shtaka. Hukumu ni ya mahakama, si yangu. Wanariadha wenzake, akiwemo Viola Cheptoo, waliunda Tirop's Angels, na tangu hapo wamekuwa wakisema bila kificho kwamba fedha za mwanariadha wa kike, shamba alilonunua na nyumba aliyojenga, hugeuka kuwa kamba ya kumfunga. Mwaka 2024 Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, kaunti ya Trans Nzoia. Alifariki tarehe 5 Septemba katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapa mjini kwetu. Mgogoro uliotajwa ulihusu ardhi aliyokuwa amenunua na nyumba iliyojengwa juu yake. Wanawake hao walikuwa na pesa zao, walizichuma kwa miguu yao. Ikiwa wao hawakusalimika, tusidanganyike kwamba kumpa mama akaunti ya benki kunatosha. Nitalirudia jambo hili, maana ni zito.

Kabla ya hapo niwapeleke mbali kidogo. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi 28 walianzisha duka la ushirika ambalo kanuni zake ndizo mama wa kanuni zetu: mwanachama mmoja kura moja, faida kugawiwa kwa kadiri ya matumizi, mlango wazi kwa wote. Hilo hufundishwa kwenye kila semina. Lisilofundishwa ni lile aliloandika George Jacob Holyoake mwaka 1857 katika historia yake ya chama hicho. Wakati ule, kwa sheria ya Uingereza, mali ya mke ilikuwa ya mume. Sheria ya kubadilisha hilo ilianza kuja 1870 na kukamilika zaidi 1882. Lakini Rochdale wanawake walikuwa wanachama, walipiga kura, na akiba iliyowekwa kwa jina la mke haikuweza kutolewa na mume mpaka mke mwenyewe atie sahihi. Holyoake alieleza kwamba baadhi ya wake walijiunga kwa ajili ya kujilinda, ili pesa zisiishie kwenye pombe. Mume angeweza kwenda mahakamani na kuzipata, sheria ilikuwa upande wake. Wale wafumaji walilijua hilo, na bado wakaamua dirisha la chama chao litadai sahihi ya mke.

Mimi naiona hiyo kuwa heshima kubwa kuliko zote za ushirika. Chama kilitangulia sheria. Sisi leo tuko kinyume chake. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa ndoa na ndoa inapovunjika; Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kazi ya shambani kuwa mchango; lakini daftari la maziwa bado linasomeka kama la miaka ambayo nyumba ilikuwa na mtu mmoja.

Na daftari hilo lina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani. Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi mali kugawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Sasa mama aliyekamua miaka kumi na mitano ataonyesha nini? Risiti zote zina jina la mume. Taarifa za benki zina jina la mume. Mwalimu ana hati ya mshahara, muuguzi ana hati ya mshahara, mkamuaji hana kitu. Kama nambari ingekuwa na majina mawili, kila risiti ya kila mwezi ingekuwa ushahidi. Wanawake wengi hukaa kwenye nyumba wanamopigwa kwa sababu wanajua wakitoka wanatoka mikono mitupu. Jina la pili kwenye risiti halimzuii mtu kupiga. Linampa anayepigwa kitu cha kushika anapoamua kutoka, na anayepiga analijua hilo.

Nihamie kwenye Sacco, ambako wengi wenu wa Pioneer ndiko mliko.

Mkopo wa kawaida wa Sacco hutegemea akiba yako, mara nyingi mpaka mara tatu yake, pamoja na wadhamini. Wadhamini hao ndio mlango wa pili wa dhuluma. Mume analeta fomu nyumbani usiku, mke ni mwanachama kwa sababu ni mwalimu. Anaambiwa, tia sahihi hapa. Akisita anaulizwa kama hamwamini mumewe. Anatia sahihi. Mkopo usipolipwa, akiba yake ndiyo inayokatwa, na ile karo aliyokuwa akiipangia inakwenda na deni ambalo hakuona hata shilingi yake. Afisa wa mikopo hawezi kujua kilichotokea usiku ule. Lakini anaweza kudai mdhamini afike ofisini mwenyewe, peke yake, aulizwe maswali mawili matatu faraghani, na apewe nafasi ya kukataa bila mwombaji kuambiwa ni nani aliyekataa. Benki zinazoshika nyumba ya ndoa kama dhamana tayari zinalazimika kisheria kupata ridhaa ya mwenzi. Hatujaweka ulinzi kama huo juu ya akiba.

Halafu fomu ya mrithi. Hii naomba tuitazame kwa karibu, maana ni karatasi moja tu, na imewatoa watu wengi machozi.

Siku kijana anapojiunga na Sacco akiwa na miaka ishirini na minne, karani humsukumia rundo la fomu. Mojawapo inauliza: ukifariki, akiba na hisa zako apewe nani? Kijana hajaoa. Anaandika mamake, au kaka mkubwa aliyemlipia karo. Anatia sahihi, fomu inaingia kwenye faili, faili inaingia kabatini. Miaka inapita. Anaoa, anapata watoto, anajenga. Akiba inakua. Fomu haijaguswa. Kisha anafariki, pengine barabarani. Mjane hufika dirishani na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote kwenye mfuko wa plastiki. Karani hufungua faili, husoma, hunyamaza, humwita meneja. Sheria ya Vyama vya Ushirika inasema hisa na akiba za marehemu huenda kwa aliyetajwa, na mahakama zetu zimewahi kuamua kwamba fedha zenye mrithi aliyetajwa namna hiyo haziingii kwenye mgawanyo wa mirathi. Kaka anachukua. Mara nyingine kaka ni mtu mwema, hugawana na watoto. Mara nyingine yeye ndiye huyo huyo anayetaka mjane aondoke shambani, na sasa Sacco imempa nguvu.

Hakuna mhalifu katika kisa hicho mpaka pale mwishoni, na ndiyo sababu nasema tunaweza kuzuia. Fomu ya mrithi ifanyiwe upya kila mwaka, pamoja na taarifa ya gawio. Mwanachama asiyeihakiki gawio lake lisubiri. Simu zetu zinatukumbusha mambo mengi yasiyo na maana. Sacco iliyo na programu ya simu inashindwa vipi kuuliza swali moja kila Januari?

Sasa niseme la ofisini, ambalo husemwa kwa kunong'ona. Kuna wanachama wa kike, na vibarua wa kike kwenye vituo vyetu, ambao wameombwa mwili ili mkopo upite, ili kilo zao zisipunguzwe kwenye mizani, ili mkataba wa kazi uendelee. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, ambayo Njoki Ndung'u aliipigania akiwa mbunge, inasema mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mwingine kwa matakwa ya kingono anayojua hayatakiwi, akipatikana na hatia, hukumu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi laki moja, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Vyama vingi vikubwa vya kaunti hii vina wafanyakazi zaidi ya hao. Mwulizeni meneja wenu awaonyeshe sera hiyo.

Hata sera ikiwepo, malalamiko yanapelekwa kwa nani? Yakipelekwa kwa mwenyekiti ambaye ndiye rafiki wa mlalamikiwa, hakuna atakayelalamika mara ya pili. Kamati ya usimamizi ndiyo iliyowekwa na sheria ili kuwaangalia wakubwa, na hapo ndipo nawasihi mchague wanawake, tena zaidi ya mmoja. Mwanamke mmoja kwenye kamati ya watu tisa hupewa kazi ya kuomba dua na kuagiza chai. Wakiwa watatu, mmoja huanza sentensi na mwingine huimalizia. Kanuni ya thuluthi mbili iliyo kwenye kifungu cha 27 cha Katiba iliandikwa kwa kuelewa jambo hilo, na hakuna kinachozuia chama kuiandika kwenye sheria zake ndogo.

Msije mkadhani nimewasahau ndugu zangu wa matatu. Gari haliwezi kubeba abiria bila kuwa chini ya Sacco au kampuni, kwa hiyo makanga anayemvuta abiria mkono na kumtukana kwa sababu ya nguo yake anafanya hivyo chini ya jina la ushirika lililopakwa ubavuni mwa gari. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha magari, na Bunge likaongeza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo chake kisichopungua miaka kumi. Machi 2022 waendeshaji bodaboda walimshambulia mwanamke dereva mchana kweupe jijini humo humo. Kila mara serikali hufanya msako, kisha kimya. Sacco ndiyo inayomjua dereva kwa jina, kwa simu na kwa nyumbani kwao. Mwanachama anayeajiri makanga wa namna hiyo aondolewe kwenye zamu, gari lake lilale siku kadhaa. Wenye magari husikia haraka sana gari likilala.

Nilisema nitarudi kwenye jambo zito: je, tukimpa mama nambari na akaunti, dhuluma itakwisha? Haitakwisha kwa hilo peke yake, na mahali pengine inaweza kuzidi kwa muda. Mume anayesikia kwenye foleni ya maziwa kwamba malipo yamehamishwa, bila yeye kuketishwa na kuelezwa, atarudi nyumbani akiwa ameaibika, na aibu ya mwanamume katika nyumba zetu mara nyingi hulipwa na mke. Anayepanga mabadiliko bila kulifikiria hilo anawaweka wanawake hatarini.

Kuna ushahidi wa njia iliyo bora. Katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, mradi ulioitwa IMAGE uliwapa wanawake mikopo midogo pamoja na mafunzo yaliyofuatana kuhusu jinsia, ndoa, ukatili na Ukimwi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: ndani ya miaka miwili ukatili kutoka kwa wenzi ulipungua kwa zaidi ya nusu. Watafiti walipolinganisha baadaye na wanawake waliopata mikopo pekee, hao walikuwa na nafuu ya kifedha lakini hawakuonyesha upungufu kama huo. Karibu na sisi, Kampala, shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango wa SASA!, ambamo majirani wa kawaida, wanaume kwa wanawake, walifundishwa kuzungumza na wenzao mtaani juu ya mamlaka na jinsi yanavyotumiwa. Uchunguzi uliochapishwa 2014 ulikuta ukatili wa kimwili kutoka kwa wenzi uko chini kwa asilimia 52 katika mitaa iliyoshiriki ikilinganishwa na isiyoshiriki.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa wanaushirika kama ninyi. Bukonzo Joint, huko Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, ni ushirika wa wakulima wa kahawa. Kwa msaada wa mtaalamu Linda Mayoux waliunda mbinu ambayo sasa imesambaa nchi nyingi, na inahitaji karatasi na kalamu tu. Mume na mke huchora mti. Mizizi upande huu, kazi anazofanya mke. Upande ule, kazi za mume. Matawi juu, matumizi ya pesa: ya nyumba, ya mke, ya mume mwenyewe. Shinani huandikwa mali ni za nani. Mti ukimalizika, mara nyingi umeinama: mizizi mingi upande mmoja, matunda mengi upande wa pili. Hakuna mtu aliyetoka nje kuwahukumu. Wao wenyewe wameuchora, na wasiojua kusoma wanauelewa sawa na waliosoma. Baadhi ya wanandoa hao walikwenda hadi kutia sahihi makubaliano ya ardhi kwa majina yote mawili. Upande wetu pia, katika vyama vya kahawa vya Kabng'etuny na Kapkiyai, kuelekea Kericho na kusini mwa Nandi, kuna wanaume waliokubali kuwahamishia wake zao sehemu ya mibuni ili nao wawe wanachama kwa haki yao. Walikubali baada ya mazungumzo marefu. Hakuna aliyewalazimisha.

Kwa hiyo mpangilio ninaopendekeza ni huu: mazungumzo kwanza, yafanyike kwenye vikundi vya kituo cha maziwa na vya Sacco, wanandoa pamoja, kwa miezi, yakiongozwa na wanachama wenyewe waliofunzwa; kisha nambari ya majina mawili kwa wanaoitaka; kisha mgawanyo wa malipo, kwa mfano maziwa ya asubuhi akaunti moja na ya jioni akaunti nyingine, jambo ambalo wazee watalielewa bila kuelezwa mara mbili.

Na ikitokea dhuluma imeshafanyika, ofisi ya chama isijigeuze baraza la usuluhishi. Nasema hivi kwa sababu nimeona viongozi wema wakiwaita mume na mke ofisini, wakawapatanisha, wakawaombea, na mama akarudi kwenye nyumba ile ile jioni ile ile. Kubaka hakusuluhishwi kwa ng'ombe. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, ili dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zifanye kazi. Asioge wala kufua nguo alizokuwa amevaa kabla ya kupimwa, na nguo zikae kwenye mfuko wa karatasi. Simu ya bure ya 1195 hupokelewa mchana na usiku. Nambari hiyo ibandikwe juu ya mizani ya kila kituo na ndani ya mlango wa choo cha wanawake, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kuonekana akiisoma. Chama kiwe na mfuko mdogo wa dharura, wa nauli na malazi ya siku mbili tatu, unaotolewa na mtu mmoja anayeaminika bila kusubiri kikao cha kamati.

Mabadiliko ya sheria ndogo ni lazima yapitishwe na mkutano mkuu na kusajiliwa na Kamishna wa Ushirika, na mikutano mikuu yetu mingi hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Nimemwachia katibu rasimu ya azimio lenye vifungu vinne: nambari ya majina mawili bila sharti la hatimiliki, mdhamini kuhojiwa peke yake, fomu ya mrithi kuhakikiwa kila mwaka, na malalamiko ya unyanyasaji kupelekwa kwa kamati ya usimamizi yenye wanawake wasiopungua thuluthi moja. Someni, mkosoe maneno yake, na anayetaka kuongeza kifungu cha tano amwandikie katibu kabla notisi ya mkutano haijatoka.